Michoro yangu, muhuri wa mwingine: hizi sheria za leseni za wasanifu wa ndani Marekani zinamlinda nani?

BintiArdhi (#1)
Habari wakuu. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Nilisoma usanifu wa ndani Chuo Kikuu Ardhi, nikafanya kazi Dar miaka minne, hoteli mbili na ofisi kadhaa. Sasa niko Tampa, Florida. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kikenya, nesi, aliniomba nimpangie kituo chake cha kushindisha wazee. Ni ukumbi mmoja mkubwa. Tunaugawa kwa ukuta wa jipsamu, tunaweka kaunta ya mapokezi, tunahamisha mlango wa choo. Nguzo hatugusi, paa hatugusi. Nikapima mwenyewe kwa tepu, nikachora siku tisa.

Tukapeleka ofisi ya vibali. Dada wa dirishani akafungua ukurasa wa kwanza, akatupa jicho kona ya chini kulia, basi. Akauliza muhuri uko wapi. Nikamwambia mimi ndiye niliyechora. Akasema anataka muhuri wa msanifu majengo au wa msanifu wa ndani aliyesajiliwa. Mteja wangu akaenda kwa msanifu majengo mmoja, akalipa dola 1,800. Michoro ilivyorudi: kuta zangu, vipimo vyangu, hata maelezo yangu ya sakafu, neno kwa neno. Pale konani jina langu limefutwa, limekaa la kwake na muhuri juu.

Hoja yangu ni hii: hizi sheria hazimlindi mzee wala mgonjwa. Zinalinda ugali wa watu. Nipingeni kwa hoja.

MzeeWaKorogwe (#2)
Naweka kigoda hapa. Huu uzi utakuwa mrefu.

FundiSofa (#3)
Pole dada. Ila shukuru hawakukupiga faini. Florida ukijiita dizaina wa ndani bila leseni ni kosa kisheria, nina jirani Miami anaogopa hata kuandika kwenye gari lake.

WakiliMtaani (#4)
FundiSofa, hiyo ni sheria ya zamani. Tuiweke sawa kabla watu hawajaisambaza kwenye magrupu.

Florida ilianza kubana jina mwaka 1988, halafu 1994 ikabana na kazi yenyewe. Hata wakati huo nyumba za kuishi zilikuwa nje. Leseni ilidaiwa kwa majengo ya biashara na ya umma, kama ofisi, hoteli, migahawa na hospitali. Mwaka 2009 ikafunguliwa kesi, Locke dhidi ya Shore. Mwaka 2010 jaji wa shirikisho akaliondoa katazo la jina, la kazi akaliacha. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Atlanta ikasema leseni ya kazi haivunji katiba, ibaki.

Walioiondoa ni bunge la jimbo. Mwaka 2020 gavana Ron DeSantis alisaini muswada HB 1193, na kuanzia Julai 1 mwaka huo leseni ikaondoka, ukaingia usajili wa hiari. Kwa hiyo jirani yako aandike kwenye gari, kwenye mlango, popote. Asichoweza bila usajili ni hicho kilichomkuta mleta mada: kupitisha michoro kwenye dirisha la vibali kwa jina lake.

FundiSofa (#5)
Ahsante mkuu. Nampigia leo hii hii.

DadaWaMinneapolis (#6)
Kinachowachanganya wengi ni kwamba kila jimbo lina lake, na maneno yanafanana.

Kuna majimbo yanalinda jina tu. Hapa Minnesota nilipo, kazi unafanya, hakuna anayekuuliza, ila jina la msanifu wa ndani aliyethibitishwa huligusi mpaka bodi ya jimbo ikukubali. Bodi hiyo ndiyo hiyo hiyo ya wasanifu majengo na wahandisi. Halafu kuna majimbo machache sana yanayolinda kazi yenyewe. Florida ilipotoka 2020, walibaki Louisiana, Nevada na jiji la Washington, na Puerto Rico kule kisiwani. California nayo ina lake: serikali haitoi leseni, ila tangu 1992 lipo baraza binafsi linalothibitisha watu, na sheria ya jimbo inalitambua.

Ukimsikia mtu anasema "Marekani wanataka leseni", muulize jimbo gani na jengo gani.

Kijana_wa_Houston (#7)
BintiArdhi niko na wewe asilimia mia.

Mimi sina digrii ya hii kazi. Nilianza kupamba kumbi za harusi za Watanzania na Wakenya hapa, nikaingia kwenye nyumba, sasa napanga ofisi ndogo ndogo. Texas walikuwa wanazuia mtu kama mimi kujiita dizaina wa ndani. Watu wanne wakaenda mahakamani, na 2009 mahakama ya rufani ya New Orleans ikasema huwezi kumzuia mtu kuitaja kazi anayoifanya kweli, hiyo ni haki yake ya kusema. Leo kilicholindwa Texas ni neno "aliyesajiliwa" tu.

Halafu angalieni hesabu hii. Taasisi ya Institute for Justice, wale wanasheria wanaopigania watu kwenye mambo ya leseni, mwaka 2012 walitoa ripoti ya kazi 102 za watu wa kipato cha chini na cha kati. Kazi iliyokuwa na masharti mazito kuliko zote ilikuwa hii ya usanifu wa ndani: siku 2,190 za masomo na mafunzo, yaani miaka sita. Mtu wa gari la wagonjwa, anayekushika moyo ukisimama, wastani wake siku 33. Sasa nani kati ya hawa wawili ana roho ya mtu mkononi?

Mwanamvita (#8)
Hapo Kijana wa Houston umeniacha mdomo wazi. 33 kwa 2,190!

Lakini mbona dada asisajiliwe tu yaishe? Kama ni hiari, aende ajaze fomu.

DadaWaMinneapolis (#9)
@Mwanamvita fomu ndiyo rahisi. Kilicho nyuma ya fomu ni mtihani wa NCIDQ. Una sehemu tatu, IDFX, IDPX na PRAC. Ada zote ukijumlisha zinapita dola 1,000. Kabla ya kumaliza sehemu zote lazima uwe na elimu inayokubalika na saa za kazi, na mwenye digrii ya fani hii anatakiwa saa 3,520. Zaidi ya mwaka na nusu wa kazi ya kutwa, na saa zenyewe zinataka mtu anayetambulika wa kuzisainia.

Mimi niliufanya. PRAC ndiyo iliyonitoa jasho, maana hawakuulizi rangi wala mito. Unapewa jengo na unaambiwa tafuta njia ya kutokea, choo cha mlemavu kikae wapi, taa ya dharura iwe wapi, mlango ufungukie upande gani. Nilitoka pale nikiwa naangalia kila mlango kwa jicho lingine.

PapaBukavu (#10)
Ndugu zangu, niacheni na mimi niseme. Niko Louisville, Kentucky. Kazi yangu ni kufunga mapazia na vitambaa vya ukutani kwenye mahoteli na kumbi.

Mnaongea ugali, mimi naongea moto. Hapa hapa Kentucky, Mei 28, 1977, ukumbi wa starehe wa Beverly Hills Supper Club uliungua, watu 165 wakafa. Boston 1942, Cocoanut Grove, watu 492. Pale dari ilikuwa imefunikwa kitambaa, kuna minazi ya bandia kila mahali, mlango mkubwa ni ule wa kuzunguka, watu wakabanana humo humo. Milango mingine ilikuwa imefungwa. Mwaka 2003 kule Rhode Island, ukumbi wa Station, watu 100, moto ulidaka sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti. Angalieni kilichoua ni nini. Nguzo hazikuanguka. Ni vya ndani: kitambaa, sponji, mlango.

Bosi wangu wa kwanza alinifundisha jambo ambalo nalifanya mpaka leo kila robota la pazia likifika. Nakata utepe mwembamba, urefu kama wa kidole, naushika kwa koleo, nawasha kiberiti nauweka chini yake, nahesabu mpaka 12. Naondoa kiberiti. Kitambaa kizuri kinanywea, kinakuwa cheusi, kinazima chenyewe kabla hujasema moja, mbili. Kibaya kinaendelea kuwaka na kinadondosha matone ya moto sakafuni. Nimerudisha robota zilizokuja na karatasi inayosema zimepimwa. Aliyechagua kile kitambaa alikuwa mpambaji aliyeona rangi tu.

Kwa hiyo dada Binti, nasikitika kwa jina lako. Ila muhuri una kazi.

BintiArdhi (#11)
Papa Bukavu ahsante, hiyo ya koleo na kiberiti sitaisahau. Ila sijibiwi bado. Kitambaa changu kingepimwa na nani pale Tampa? Yule msanifu majengo hakuuliza habari ya kitambaa hata mara moja.

WakiliMtaani (#12)
Na pia Papa, tuwe waangalifu na mifano. Ile sponji ya Station iliwekwa na wenye ukumbi wenyewe. Hapakuwa na msanifu wa ndani aliyeikosea, wala sheria ya leseni isingewazuia kwenda dukani kununua. Kinachozuia hayo ni kanuni za moto na mkaguzi anayeingia na tochi. Boston baada ya 1942 kilichobadilika ni kanuni: milango ya kutokea, taa za dharura, mapambo yasiyoshika moto, mlango wa kuzunguka kuwekewa wa kawaida pembeni. Jimbo la kwanza Marekani kuweka sheria ya wasanifu wa ndani, na hiyo ya jina tu, ni Alabama 1982. Miaka arobaini baadaye!

PapaBukavu (#13)
Wakili, kanuni ni karatasi. Nani anaisoma? Mkaguzi anapita siku moja, pazia linabadilishwa baada ya miezi mitatu. Mimi nataka yule anayechagua awe anajua kabla hajachagua.

MzeeWaKorogwe (#14)
Wote mna haki yenu. Endeleeni.

Mama_Birmingham (#15)
Kwa kuwa Alabama imetajwa, niwape kisa chake, mimi naishi huku.

Ni kweli walianza 1982 kwa jina. Mwaka 2001 bunge likaenda mbali, likatunga sheria ya kubana kazi yenyewe, na iliandikwa kwa upana mno. Mtu anayeshauri mwenzake kuhusu taa au zulia angeweza kuambiwa ametenda kosa. Mpambaji mmoja anaitwa Lupo akaipeleka mahakamani, na 2007 Mahakama ya Juu ya Alabama ikaifuta yote, ikasema inamzuia mtu kazi yake bila sababu ya maana inayohusu afya au usalama wa umma. Mwaka 2010 wakatunga nyingine ya usajili. Connecticut nao 2009 mahakama ya shirikisho iliwaondolea katazo lao la jina.

Tazameni mwelekeo. Kila walipovuta kamba sana, ilikatika.

Mshoni_Raleigh (#16)
Nimesoma yote, naona upande mmoja haujasemwa na aliyekuwemo. Mimi nilikuwemo.

North Carolina hatukuwa na kitu kabisa. Hakuna jina, hakuna usajili. Nilikuwa natoa michoro ya ofisi za madaktari, kila mara narudi kwa msanifu majengo kuomba. Kuna mradi mmoja niliumaliza Ijumaa, muhuri ukapatikana baada ya wiki tano, mteja akakodi sehemu nyingine.

Wenzangu wa ASID na IIDA, vyama vya wasanifu wa ndani, wakasema twende bungeni. Tukaenda Mtaa wa Jones, Raleigh, siku ya kazi, tumegawanywa watatu watatu, kila kundi na orodha ya ofisi. Nilikuwa na hofu, Kiingereza changu kina lafudhi ya Kondoa. Kijana wa ofisini kwa mheshimiwa wa kwanza alituuliza kwa upole kama tumekuja kwa habari ya mapazia. Sikukasirika. Nilikuwa nimebeba mchoro wa zahanati umekunjwa mara nne, nikaufungua juu ya meza yake, ukafunika kompyuta. Nikamwonyesha kwa kidole: mgonjwa yuko hapa, moto uko hapa, atoke vipi? Nikamwambia huu mlango lazima uache nafasi ya inchi 32 ukiwa wazi, kiti cha magurudumu kinahitaji duara la inchi 60 kugeuka, ni sheria ya walemavu ya 1990, na aliyevipanga vyote ni mimi ambaye siruhusiwi kuweka jina langu. Yule kijana akainuka, akaenda kumwita mheshimiwa.

Ule muswada, SB 188, ulisainiwa na gavana Roy Cooper Julai 2021. Bodi ya wasanifu majengo sasa inabeba jina la fani zote mbili. Nina muhuri wangu. Ni kitu kidogo, unaingia kwenye kiganja.

Naomba mzingatie: hatukuomba kumzuia mtu yeyote. Mpambaji wa North Carolina hajaguswa. Tuliomba ruhusa.

Kijana_wa_Houston (#17)
Mshoni hongera, na kisa chako kimenigusa. Ila ni watu wale wale. ASID hao hao miaka ya nyuma walikuwa wanazunguka majimboni wakitaka kazi yenyewe ifungwe kwa asiye na mtihani. Wamebadilika baada ya kushindwa mahakamani na mabungeni. Florida 2011, bunge lilipotaka kuiondoa ile leseni, shahidi mmoja aliwaambia wabunge kwamba wasanifu wa ndani wasipochagua vitambaa vya hospitali, mnachangia vifo 88,000 kwa mwaka vya maambukizi. Nilipousikia ushahidi ule niliumia, maana unatumia maiti kulinda soko.

DadaWaMinneapolis (#18)
Ile kauli ilikuwa mbaya, hata sisi wa fani iliturudisha nyuma. Vifo vya maambukizi ya hospitali ni jambo zito na la kweli, lakini kumtwika mpambaji wa sebule vifo vya wodini sio haki. Nakubaliana na wewe hapo.

Ila usikatae chote kwa ajili ya shahidi mmoja. Nimefanya kazi kwenye hospitali. Mshono wa kiti ukiwa umekaa vibaya unanasa damu na mate, sabuni haifiki. Sakafu ikipanda ukutani kidogo bila pembe kali, ufagio na maji vinapita kila mahali. Nani anajua hayo kama sio sisi?

Kijana_wa_Houston (#19)
Mfanya usafi wa hospitali anajua. Mama yangu mdogo amesafisha wodi miaka kumi na mbili, anajua kuliko wote humu.

DadaWaMinneapolis (#20)
Hapo sina jibu. Umesema kweli.

Injinia_Kigamboni (#21)
Salaam wakuu. Mimi naangalia kwa jicho la pesa ya bima.

Muhuri maana yake ni nani ashtakiwe. Jengo likimdhuru mtu, wanasheria wanafungua ukurasa wa kwanza wanasoma jina. Halmashauri haitaki jina la mtu asiye na bodi ya kumnyang'anya kitu. Ndio maana yule dada wa dirishani hakuangalia kuta, aliangalia kona. Kanuni kubwa ya majengo wanayoitumia huko, IBC, inasema michoro iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa pale sheria za jimbo zinapotaka. Kwa hiyo dirisha linafuata jimbo, na jimbo linafuata aliyekwenda bungeni. Moto na maambukizi ni hoja za kupeleka kwa wabunge, lakini injini yake ni dhamana.

Halafu BintiArdhi, kuna jambo umelipitia juu juu. Msanifu majengo kuchukua michoro ya mtu mwingine, kufuta jina na kugonga muhuri bila kuisimamia kazi, huko Marekani ni kosa la kinidhamu. Bodi zinaadhibu. Anatakiwa awe na usimamizi halisi wa kazi ile. Umeuliza alifanya nini hasa?

BintiArdhi (#22)
Injinia, mteja anasema alikuja mara moja, akakaa dakika ishirini, akapiga picha kwa simu. Sitaki kumtaja mtu, na kituo kinatakiwa kifunguliwe. Nikienda kulalamika kibali kinaweza kusimamishwa na mama wa watu ana mkopo. Nimeliacha moyoni.

Mwanamvita (#23)
Aki pole dada. Na hiyo ndiyo inaniuma mimi: wanaokosa muhuri ndio wanaoshindwa hata kulalamika.

Nitupe hoja ambayo hamjaigusa. Hii fani kule imejaa wanawake. Wasanifu majengo wengi ni wanaume na ndio wanaopinga miswada hii, chama chao cha AIA kimesimama mlangoni miaka mingi. Je, angekuwa ni mwanaume anapanga ile zahanati, angeulizwa mambo ya mapazia?

Injinia_Kigamboni (#24)
Hoja nzito, ila AIA wana jibu lao: ukuta wa ndani unagusa moshi, unagusa vinyunyizio vya maji, unagusa njia za kutokea, na vyote ni mfumo mmoja. Ukiwapa watu wawili muhuri kwenye jengo moja, likitokea jambo kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole.

Mshoni_Raleigh (#25)
@Injinia wahandisi wa umeme, wa mabomba na wa nguzo wote wana mihuri yao kwenye jengo hilo hilo. Mbona hao hawachanganyi? Sheria yetu imeandika mipaka: nguzo hatugusi, ganda la jengo hatugusi. Wisconsin na Illinois wamefuata njia hiyo 2022. Utah walitangulia 2016 kwa upande wa majengo ya biashara.

Mwanamvita, ulichouliza mimi nimekiishi. Sina cha kuongeza.

FundiSofa (#26)
Na huku nyumbani je? Maana tunajadili Florida kana kwamba sisi tuko salama.

Injinia_Kigamboni (#27)
Tanzania kuna AQRB, bodi ya usajili ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2010. Kenya wana BORAQS. Ila nenda Kariakoo uangalie duka linavyogawanywa vyumba sita kwa mbao laini na pazia, fundi amechora kwa penseli ukutani.

Mwanamvita (#28)
Na Mombasa ni vivyo hivyo, usitucheke. Ila nyumba za Mji wa Kale zilipangwa bila bodi na hewa inapita mpaka leo.

FundiSofa (#29)
Mwanamvita ukianza Mji wa Kale hatumalizi. Fungua uzi wako, nitakuja na kahawa.

Kijana_wa_Houston (#30)
Turudi. Swali langu kwa Mshoni, kwa heshima. Muhuri wako unapatikana kwa NCIDQ. NCIDQ inataka masomo na saa. Kuna ripoti ya 2009 ya upande wa wanaopinga ilisema masharti ya digrii yanawafungia nje zaidi Waafrika Wamarekani, Walatini na watu wanaobadili kazi ukubwani. Mimi nina miaka 38, watoto watatu, nafanya kazi hii tangu 2014. Hiyo hiari ni ya nani? Mteja mkubwa akishajua kuna waliosajiliwa, ataniita mimi?

Mshoni_Raleigh (#31)
Kaka, sitakudanganya. Wateja wa ofisi kubwa hawatakuita. Wa nyumba na kumbi watakuita kama zamani. Mimi niliufanya mtihani nikiwa na miaka 41, nasoma jikoni watoto wakilala, sehemu moja niliirudia. Sikuwa na namna ya kufanya iwe rahisi. Unaweza kusema mlango mwembamba uliofunguliwa ni bora kuliko ukuta, na unaweza kusema bado ni mwembamba. Yote mawili nayajua.

PapaBukavu (#32)
Kijana wa Houston, wewe ungekuwa unapiga kile kiberiti?

Kijana_wa_Houston (#33)
Papa, kuanzia jana napiga. Nimejaribu kitambaa cha dari nilichotumia kwenye harusi tatu. Kimedondosha matone. Nimekitoa stoo chote, kinaenda kwenye jalala.

PapaBukavu (#34)
Mungu akubariki. Mwambie na uliyemuuzia au kumkodisha.

WakiliMtaani (#35)
Kwa hiyo amejifunza bila leseni, humu ndani, bure. Nalitaja tu kwa upande wangu wa hoja.

PapaBukavu (#36)
Amejifunza baada ya harusi tatu, Wakili. Nalitaja kwa upande wangu.

BintiArdhi (#37)
Ahsanteni wote, sikutegemea nitajibiwa hivi. Msimamo wangu umelegea sehemu moja na kukaza sehemu nyingine. Bado naamini Nevada na Louisiana wanafunga kazi ya watu bila sababu ya kutosha. Lakini usajili wa hiari wa huku Florida nautaka, kwa sababu ule ukurasa wa kwanza unaniuma.

Nimeanza. Transkripti za Ardhi lazima zipitie kwa wakala wa kulinganisha vyeti. Tatizo limekuja kwenye saa. Miaka minne ya Dar nilikuwa chini ya msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi ya kwetu, mzee mmoja mkali sana, alikuwa anarudisha mchoro mara saba. Jana saa tisa usiku ya huku nilimpigia, kwake ni asubuhi. Nikamweleza anisainie saa. Akaniuliza swali moja tu: ile kaunta ya wazee umeweka urefu gani? Nikamwambia inchi 34 upande wa viti vya magurudumu. Akasema tuma fomu.

DadaWaMinneapolis (#38)
Kabla hujatuma, waandikie CIDQ wenyewe, ndio wenye mtihani, uwaulize kama watamkubali msimamizi wa nje na kwa nyaraka gani. Waandikie kwa barua pepe upate jibu la maandishi. Mtihani ni Aprili na Oktoba, usije ukapitwa na dirisha la maombi.

Mshoni_Raleigh (#39)
Nina vitabu vya IDFX, nimeviandika pembeni kwa Kiswahili. Nitumie anwani inbox, nalipia posta mimi.

MzeeWaKorogwe (#40)
Binti, ule mchoro wako wa kwanza, wenye jina lako konani, bado unao?

BintiArdhi (#41)
Ninao mzee. Nimeubandika ukutani jikoni.